Shahada na Ushahidi: Chuo Kikuu Kinaifanyia Jamii Kazi Gani?

Watu watatu wanaweza kubishana kuhusu chuo kikuu kwa saa nzima bila kugundua kwamba kila mmoja anazungumzia kitu chake. Wa kwanza ana mtoto aliyehitimu miaka mitatu iliyopita na hadi leo hana ajira. Machoni pake chuo kikuu ni ahadi iliyovunjwa. Wa pili amesikia kwamba wataalamu wa afya wamebadili ushauri walioutoa juzi. Kwake chuo kikuu ni mkusanyiko wa watu wasio na hakika na wanachokisema. Wa tatu amesoma kwamba mtafiti fulani amelipwa miaka na miaka kupima chembe za madini ndani ya jiwe. Kwake chuo kikuu ni shimo la kutupia fedha za umma. Kila mmoja ana hoja na machungu yake. Ila wanatumia jina moja kwa kazi tatu tofauti, na kila kazi ina kipimo chake.

Nataka kuzitenganisha kazi hizo, kwa sababu tukizichanganya tunaishia kukidai chuo kikuu kile ambacho hakiwezi kutoa, na kukisamehe kile kilichopaswa kutoa.

Tuanze na maneno

Elimu ya juu ni masomo yote yanayofuata baada ya sekondari: vyuo vya ufundi, vya ualimu, vya uuguzi, na vyuo vikuu. Chuo kikuu ni sehemu tu ya elimu hiyo ya juu. Kinachokitofautisha na vingine ni mambo mawili: kina mamlaka ya kutoa shahada, na kina wajibu wa kufanya utafiti. Utafiti nao ni kulitafutia jibu swali ambalo bado halina jibu, kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata hatua kwa hatua na kuikagua. Kuingia kwenye simu na kutafuta makala kumi ni kusoma, na ni jambo jema, lakini si utafiti kwa maana hii. Taaluma ni uwanja wa ujuzi wenye maswali yake, mbinu zake na watu wanaokaguana kazi zao. Wanataaluma ndio hao wanaokaguana.

Lugha yetu ina mtego mmoja hapa. Kwa Kiswahili, kusoma ni kutamka au kufuata maandishi, na kusoma huohuo ni kwenda shule. Kwa hiyo msomi ni kila aliyekaa darasani muda mrefu, na tunamtarajia awe na jibu la kila kitu. Tunamwita msomi aliyemaliza shahada ya kwanza mwezi uliopita, na tunamwita msomi profesa aliyetumia miaka 30 kuchunguza ugonjwa mmoja. Jina moja limebeba watu wenye uzoefu tofauti kabisa, na mabishano mengi huanzia hapo.

Lakini lugha hiyohiyo imetuachia pia ufunguo. Katika Kiswahili cha zamani, chuo kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali watoto wanapofundishwa kusoma Kurani. Mwanachuoni mpaka leo ni mtu mwenye elimu ya kina ya dini. Na shahada? Shahada, shahidi na ushahidi ni ndugu wa tumbo moja. Anayekupa shahada anakushuhudia, anasimama mbele ya watu na kusema: huyu tumempima, na tunathibitisha kwamba anajua jambo hili. Neno hili ushahidi lishike vizuri, maana ndilo litakalotuongoza katika yote yanayofuata.

Chama kabla ya majengo

Tunapotaja chuo kikuu leo tunaona majengo, mageti na majoho. Jina la Kilatini lililozaa jina la chuo kikuu katika lugha nyingi za Ulaya, universitas, halikuwa na maana ya jengo. Lilikuwa na maana ya chama, kama vyama vya mafundi wa enzi hizo. Kule Bologna, Italia, ambako mapokeo yanahesabu mwanzo wa chuo kuwa mwaka 1088, wanafunzi wa sheria waliotoka mbali waliungana kuwa chama, wakaajiri walimu wenyewe. Mwalimu aliyechelewa kuingia darasani alitozwa faini, na aliyezidisha muda wa kipindi pia alitozwa. Paris ilikuwa kinyume chake: walimu ndio waliounda chama, wakaamua wao nani aruhusiwe kufundisha.

Nje ya Ulaya mambo yalikuwa yameanza mapema zaidi, kwa sura nyingine. Msikiti wa al-Qarawiyyin mjini Fez, Morocco, ambao mapokeo yanasema ulianzishwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859, ulikua ukawa kituo kikubwa cha elimu. Katika elimu ya Kiislamu ya zamani, ushahidi haukutolewa na taasisi bali na mwalimu kwa mwanafunzi: ijaza, yaani idhini ya kufundisha kitabu fulani alichokisoma mbele ya mwalimu huyo. Ukitaka kujua uzito wa ijaza ya mtu, uliuliza aliyempa ni nani, na naye alipewa na nani.

Kwa karne nyingi kazi kubwa ilikuwa hiyo: kufundisha na kushuhudia. Utafiti ulikuwepo, ila haukuwa sharti. Mabadiliko makubwa yanahusishwa na Chuo Kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810 kwa mawazo ya Wilhelm von Humboldt. Wazo lake lilikuwa rahisi kulisema, gumu kulitekeleza: anayefundisha awe naye anatafuta, na mwanafunzi afundishwe na mtu ambaye bado anajifunza. Vyuo vikuu vingi duniani leo ni watoto au wajukuu wa wazo hilo. Hapo ndipo kazi tatu zilipokaa chini ya paa moja: kufundisha, kutoa ushahidi kwa njia ya shahada, na kutafiti.

Kufundisha, na kidonda cha ajira

Hapa ndipo panapouma zaidi, na sitaki kupapita kwa haraka. Vijana wanahitimu, wanazunguka na vyeti miaka, kisha wanaambiwa kwamba walisoma vitu visivyo na soko. Je, ni kosa la chuo kikuu?

Fikiria shule ya udereva. Kazi yake ni kukufundisha kuendesha gari. Haijengi barabara na haiuzi magari. Ikiwa waliohitimu shule hiyo wanajua kuendesha lakini hakuna magari ya kuendesha, kuifunga shule hakutaongeza magari. Nafasi za kazi huzaliwa na mitaji, masoko, sera, umeme wa uhakika, mikopo inayolipika. Chuo kikuu kinaweza kuchangia baadhi ya hayo kwa muda mrefu, lakini hakiwezi kuyatoa mfukoni siku ya mahafali. Aliyemwambia mtoto “soma, kazi itakusubiri” alitoa ahadi kwa niaba ya uchumi mzima. Mara nyingi aliyeitoa ni mzazi, mwalimu au mwanasiasa. Wakati mwingine, na hili lisemwe wazi, ni chuo chenyewe katika matangazo yake ya kutafuta wanafunzi.

Sasa geuza upande wa pili. Ikiwa waliohitimu shule ya udereva hawawezi hata kurudisha gari nyuma, hapo lawama ni ya shule, na hakuna sababu ya kuificha nyuma ya uchumi mbaya. Vyuo vinavyosoma nukuu zilezile kwa miaka 15, vinavyofundisha maabara kwa picha kwa kuwa vifaa havipo, vinavyompa alama za juu anayekariri na kumnyima anayeuliza, vinawadhulumu wanafunzi wao. Kosa hilo lina mwenyewe, na ni chuo.

Kinachosahaulika ni kwamba elimu nzuri ya chuo kikuu haimwandai mtu kwa kazi moja inayojulikana leo. Aliyehitimu uhandisi mwaka 1990 hakufundishwa chochote kuhusu simu janja, kwa sababu hazikuwa sokoni. Alifundishwa hisabati, umeme, na namna ya kulivunja tatizo kubwa vipande vipande. Kwa hayo aliweza kujifunza yaliyokuja baadaye. Anayedai kila somo lionyeshe kazi yake ya kesho asubuhi anaomba mhitimu ambaye ujuzi wake utachakaa keshokutwa.

Na vyuo vya ufundi si daraja la chini kwa walioshindwa. Ni kazi nyingine, yenye heshima yake, na jamii inayowatuma vijana wote chuo kikuu kwa sababu ya hadhi tu inajipunja mafundi na inawapotezea vijana miaka.

Karatasi yenye muhuri

Sokoni tunaiamini mizani kwa sababu imekaguliwa na kupigwa muhuri. Muhuri wenyewe hauna uzito; tunachokiamini ni ukaguzi ulioutangulia. Shahada iko hivyohivyo. Mgonjwa hana muda wala uwezo wa kumtahini daktari kabla ya upasuaji, na anayevuka daraja hawezi kukokotoa kama nguzo zitahimili. Watu wasiojuana wanaweza kuaminiana kwa sababu kuna mtu wa tatu aliyeshuhudia. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya chuo kikuu, na huwa hatuioni mpaka iharibike.

Ikiharibika, wote huumia, hata wasio na hatia. Tasnifu zinazoandikwa kwa malipo, mitihani inayovuja, alama zinazonunuliwa kwa fedha au kwa unyanyasaji wa kingono: kila kimoja ni ushahidi wa uongo, na kila kimoja kinashusha thamani ya shahada ya mwanafunzi aliyekesha. Ndiyo maana kuna ithibati, yaani utaratibu wa chombo cha nje kukikagua chuo chenyewe. Shahidi naye anahitaji kushuhudiwa.

Kuna mkanganyiko mmoja mdogo unaofaa kuondolewa hapa: shahada ya heshima. Chuo kikuu kinaweza kumpa mtu shahada ya udaktari ya heshima kwa mchango wake katika jamii, bila mtihani wala tasnifu. Ni tunzo. Hakuna kosa kuipokea, lakini haishuhudii kwamba mtu huyo amefanya utafiti wa kiwango cha uzamivu, yaani shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, na kwa desturi ya vyuo vingi aliyetunukiwa hajiiti daktari kwa sababu hiyo. Neno daktari lenyewe linatokana na Kilatini, kwa maana ya mwalimu. Aliyeandika tasnifu ya falsafa au ya kilimo anaitwa daktari kwa maana hiyo ya zamani kuliko ile ya hospitali.

Utafiti: usikubali kwa neno la mtu

Mwaka 1660 kilianzishwa London chama cha wanasayansi, Royal Society, na mwaka 1665 likaanza kuchapishwa jarida lake, mojawapo ya majarida ya kwanza ya sayansi duniani. Kaulimbiu ya chama hicho kwa Kilatini ni Nullius in verba, ambayo tunaweza kuisema: usikubali kwa neno la mtu. Hata awe mkubwa, aonyeshe alichokiona na namna alivyokiona.

Kwa vitendo mambo huenda hivi. Mtafiti ana swali. Anachagua njia ya kulijibu, anapima, anaandika alichokipata na namna alivyokipata, kisha anapeleka makala kwenye jarida. Mhariri anaituma kwa watu wawili au watatu wanaoijua taaluma hiyo, mara nyingi bila malipo na bila mwandishi kuyajua majina yao. Nao wanatafuta makosa. Wanaweza kuikataa, au kuirudisha ikarekebishwe, au kuipitisha. Haya ndiyo mapitio ya wanataaluma wenza.

Watu wengi hudhani kwamba makala ikishapitishwa, jambo limethibitika. Bado. Wanaopitia makala hawarudii majaribio. Wanafanya kazi ya fundi mwenzako anayeikagua ramani ya nyumba kabla hujaanza kujenga: anaweza kukuambia kwamba ngazi haitafika ghorofani, lakini hawezi kukuhakikishia kwamba paa halitavuja. Paa hupimwa na mvua. Katika utafiti, mvua ni watu wengine, mahali pengine, wakirudia kazi ileile na kupata jibu lilelile, au wakashindwa kulipata. Kwa hiyo ukiona habari inaanza na “utafiti mpya wasema”, fahamu kwamba umeonyeshwa ramani.

Na ramani mbaya hupita. Mwaka 1998 jarida kubwa la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusu watoto 12 tu, ikidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na tatizo la usonji. Tafiti nyingi zilizofuata, zilizochunguza watoto kwa maelfu, hazikuuona uhusiano huo. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza. Miaka 12! Katika miaka hiyo wazazi waliogopa, na hofu hiyo bado inatembea. Siwezi kuusifu utaratibu huu wa ukaguzi bila kuitaja hasara hiyo. Ninachosema ni kwamba waliogundua kosa walikuwa watafiti wengine na mwandishi wa habari aliyefukua nyaraka, watu waliokataa kukubali kwa neno la mtu.

Mbona wanabadili maneno?

Kwa miaka mingi madaktari waliambiwa vyuoni kwamba vidonda vya tumbo husababishwa na msongo wa mawazo na tindikali nyingi. Huko Perth, Australia, mwaka 1979, Robin Warren aliona kwa hadubini bakteria kwenye vipande vya utando wa tumbo la wagonjwa, mahali ambapo iliaminika bakteria hawawezi kuishi. Barry Marshall akaungana naye. Wenzao wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao, akaugua kwa kuvimba utando wa tumbo, akapima na kuonyesha kwamba bakteria walikuwa wamekaa. Leo aina hiyo ya vidonda hutibiwa kwa viuavijasumu, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Msikilizaji wa redio aliyesikia kwanza “ni mawazo” kisha “ni bakteria” ana haki ya kushangaa. Lakini fikiria mahakama ambayo ushahidi mpya ukiletwa, hakimu anasema hawezi kubadili hukumu kwa kuwa ataonekana kigeugeu. Nani angetaka kuhukumiwa huko? Swali la kumuuliza mtaalamu aliyebadili msimamo ni moja: kilichobadilika ni ushahidi, au ni anayekulipa?

Hapo pia ndipo ninapoona kosa la wanataaluma wenyewe. Wengi wao, wakiwekewa kipaza sauti, husema kwa hakika iliyozidi ushahidi walio nao. Wangezoea kusema “kwa tunavyojua mpaka sasa”, mabadiliko yasingewashtua watu. Na wangeandika baadhi ya wanayoyajua kwa lugha ambayo anayewalipa kodi anaielewa, badala ya kuyaacha yote ndani ya majarida ya kulipia kwa lugha ya wachache. Utafiti ambao jamii haiwezi kuusoma ni ushahidi uliotolewa faragha.

Kisima ni kirefu, si kipana

Shahada ya uzamivu ni kisima. Inachimbwa chini sana mahali pamoja. Anayekichimba anajua maji ya pale kuliko yeyote, ila hatua 50 kutoka hapo hana habari kuliko jirani yake. Linus Pauling, mkemia wa Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954 na ile ya Amani ya mwaka 1962. Ni vigumu kumpata msomi mkubwa kuliko huyo. Kuanzia mwaka 1970 alianza kuhimiza watu wanywe vitamini C kwa wingi mno ili kuzuia mafua. Majaribio yaliyofanywa baadaye hayakuonyesha kwamba kuinywa hivyo kunawakinga watu wa kawaida wasipate mafua. Cheo chake kilikuwa cha kweli, lakini juu ya jambo hilo ushahidi haukuwa naye.

Kwa hiyo profesa anapozungumza redioni, uliza kwanza kisima chake kiko wapi.

Wengine husema haya yote yamepitwa na wakati, kwani majibu yote yamo ndani ya simu na akili mnemba inajibu kwa sekunde. Simu ni mtungi mzuri. Lakini mtungi hauzai maji. Kila jibu la kweli lililomo humo, kuanzia kipimo cha dawa hadi uzito wa elektroni, kuna mtu alilitafuta, akakosea, akasahihishwa. Na jibu la uongo limekaa pembeni yake, kwa mwandiko uleule.

Jiwe la Patterson

Sasa turudi kwa yule mtu wa tatu, aliyekasirishwa na mtafiti wa mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago, Clair Patterson, alipewa kazi ya kupima kiasi kidogo mno cha madini ya risasi ndani ya mawe. Risasi ninayoitaja hapa ni ile metali nzito ya kijivu, si ya bunduki, ingawa neno ni moja. Madini ya urani hugeuka kuwa risasi polepole sana, kwa mwendo unaojulikana. Ukizipima vizuri aina za risasi ndani ya jiwe, unaweza kukadiria umri wake. Swali lilikuwa: dunia ina umri gani? Hakuna mtu angepandisha bei ya kitu wala kupona ugonjwa kwa kulijua jibu.

Vipimo vyake vilikataa kutulia. Kila mara alikuta risasi nyingi kuliko ilivyopaswa, na akagundua kwamba haikutoka kwenye jiwe. Ilikuwa hewani, kwenye vumbi, kwenye maji, kwenye nywele zake mwenyewe. Alitumia miaka kuisafisha maabara, na alipohamia Taasisi ya Teknolojia ya California akajenga chumba kisafi kuliko karibu vyote vya wakati wake. Mwaka 1956, kwa kutumia vimondo, yaani mawe yaliyoanguka kutoka angani, alichapisha jibu: takriban miaka bilioni 4.55.

Angeweza kuishia hapo. Lakini swali la pili lilikuwa limemng'ang'ania: ile risasi iliyomsumbua ilitoka wapi? Akapima maji ya bahari, akakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kina kirefu, maana yake ilikuwa imeingia karibuni. Baadaye yeye na wenzake walichimba theluji ya Greenland, ambayo hulala tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari la miaka, na tabaka za karibuni zilikuwa na risasi nyingi mno. Tangu mwaka 1923 kampuni zilikuwa zikitia kiambata cha risasi kwenye petroli ili injini zisigonge. Kila gari lilikuwa linatema sumu, na sumu hiyo huharibu hasa ubongo wa watoto. Mwaka 1965 aliandika makala akieleza kwamba kiwango cha risasi mwilini mwa watu kilichoitwa cha kawaida hakikuwa cha asili hata kidogo.

Upande wa pili alikuwepo mwanataaluma mwingine: Robert Kehoe wa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Maabara yake ilifadhiliwa na kampuni zilizofaidika na petroli yenye risasi, na kwa miongo kadhaa utafiti wake ndio uliotegemewa kusema kwamba hakuna hatari. Hoja yake ilikuwa kwamba hata watu wasiofanya kazi viwandani wana risasi mwilini, basi ni ya kawaida. Hakuwa na mtu safi wa kulinganisha naye, kwa kuwa karibu kila mtu alikuwa ameshachafuliwa.

Hapa ndipo uhuru wa kitaaluma unapopata maana yake. Watu hudhani ni fadhila ya maprofesa kusema wanachotaka bila kuguswa. Ni ulinzi wa jamii. Refa anayelipwa na timu moja anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa, lakini hakuna atakayeuamini uamuzi wake, na mwisho naye hatajua kama anajiamini. Patterson alipoteza ufadhili kutoka sekta ya mafuta, mkataba wake na idara ya afya ya umma ya Marekani haukuendelezwa, na mwaka 1971 jopo la kitaifa lililoundwa kuchunguza risasi hewani halikumjumuisha, ingawa hakukuwa na aliyeijua mada hiyo kumzidi. Aliendelea kwa sababu alikuwa na chuo ambacho hakikumwondoa, na vipimo ambavyo yeyote aliyetaka angeweza kwenda kuvirudia kwenye theluji ileile.

Ni haki kuuliza fedha za utafiti zinatoka wapi, na ni haki zaidi kuuliza nani ana uwezo wa kuzizima. Serikali inayomfukuza mtafiti kwa takwimu zisizoipendeza inafanya kazi ileile ya kampuni. Vivyo hivyo chuo kinachomnyamazisha mhadhiri ili kisimuudhi mfadhili. Wapo pia waliochagua njia nyingine: waliogundua insulini katika Chuo Kikuu cha Toronto, Frederick Banting, Charles Best na James Collip, waliwasilisha haki za ugunduzi huo kwa chuo mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isimilikiwe na mtu mmoja.

Marekani ilianza kupunguza risasi kwenye petroli katika miaka ya 1970. Patterson alifariki Desemba 1995. Mwezi uliofuata nchi yake ikapiga marufuku kabisa petroli hiyo kwa magari ya barabarani. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021, miaka 56 baada ya makala ile. Na umri wa dunia unaofundishwa darasani leo bado ni uleule wa jiwe lake, takriban miaka bilioni 4.5.